Hizo Namba Sita Usimsomee Mtu

Haya ndiyo niliyoyasema mbele ya wachezaji wa michezo ya video na wazazi wao, kuhusu kulinda akaunti za michezo zisiibiwe. Waliokosa wameomba maandishi, basi nimeyaweka yote. Picha za ukutani nimeziacha, hazikuwa na jipya.

Wachezaji wenzangu, wazazi mliokuja na watoto, na nyinyi watoto mnaosubiri nimalize haraka mkacheze: hamjambo?

Kabla sijasema lolote, naomba mikono. Nani humu anatumia nywila moja kwenye akaunti zaidi ya moja? Msione haya. Naona mikono mitano. Haya, niulize kwa namna nyingine: nani anatumia nywila ileile, ila mwishoni ameongeza namba 1 au alama ya mshangao? Ahaa! Sasa nauona ukumbi mzima. Shusheni mikono. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyohivyo, kwa hiyo sina wa kumcheka.

Nianze na mpwa wangu. Alikuwa na akaunti ya mchezo aliyoilea miaka sita. Nasema aliilea kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: aliifungua angali mtoto, akapanda ngazi kidogo kidogo, akakusanya skini, yaani mavazi na mapambo ya ndani ya mchezo, ambazo nyingine hazitolewi tena. Asubuhi moja anafungua mchezo, anaambiwa nywila si sahihi. Akaandika tena, polepole, herufi moja moja. Si sahihi. Akanipigia simu analia, na huyu ni kijana mwenye ndevu.

Tulifungua barua pepe yake pamoja. Usiku zilikuwa zimeingia barua tatu. Saa nane na dakika 14: kifaa kipya kimeingia kwenye akaunti yako. Saa nane na dakika 16: anwani yako ya barua pepe imebadilishwa. Saa nane na dakika 17: nywila yako imebadilishwa. Dakika tatu! Miaka sita imeondoka kwa dakika tatu, na mwenyewe yuko kitandani anakoroma.

Kila ninayemsimulia huniuliza: alibonyeza nini? Alimpa nani nywila? Hakubonyeza kitu. Hakumpa mtu. Kosa lilifanyika miaka mingi nyuma, alipojisajili kwenye kijitovuti cha mbinu za mchezo akitumia nywila ileile. Kile kijitovuti kikaja kuvuja. Hata jina lake alikuwa ameshalisahau.

Ndugu zangu, nywila zinavuja. Hazivuji kwako, zinavuja kule ulikoziacha. Mwaka 2009 kampuni ya Marekani iitwayo RockYou, waliokuwa wakitengeneza vijiprogramu vya mitandao ya kijamii, iliibiwa nywila milioni 32. Hazikuwa zimefichwa kwa namna yoyote. Zilikaa wazi kama orodha ya mahudhurio ya darasa. Waliozichambua wakakuta iliyopendwa kuliko zote ni 123456, na watu zaidi ya 290,000 walikuwa wameichagua. Orodha ile hadi leo wadukuzi wanaitumia kama kamusi.

Sasa ukiwa na orodha ya namna hiyo, huna haja ya kukaa ukabahatisha nywila ya mtu. Unachukua barua pepe upande huu, nywila upande ule, unaipa programu, nayo inazunguka milango ya michezo yote ikijaribu ufunguo mmoja baada ya mwingine. Usiku ule mpwa wangu alikuwa amelala, na nadhani hata mwizi alikuwa amelala. Kompyuta ndiyo ilikuwa kazini.

Na msidhani hii ni bahati mbaya ya mtu mmoja. Mwaka 2015 Valve, wenye Steam, lile duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, walitoka hadharani wakasema akaunti kama 77,000 zilikuwa zikitekwa na kukombwa kila mwezi. Kila mwezi! Wakaongeza kwamba wanaoibiwa si wageni wasiojua kitu. Wamo wachezaji wa kulipwa, wamo wafanyabiashara wa vitu vya ndani ya mchezo. Kwa nini wao? Kwa sababu skini siku hizi zinauzika, na kinachouzika hakikosi mwizi.

Basi tufanyeje? Hapa ndipo tunapofika kwenye uthibitishaji wa hatua mbili. Jina refu, jambo lenyewe dogo. Nywila ni ufunguo wa mlango. Ufunguo unaweza kuchongwa mwingine bila wewe kujua. Lakini mlango wako ukiwa na komeo kwa ndani, mwenye ufunguo wa bandia atauzungusha mpaka kuche. Komeo hilo ni kitu ulicho nacho wewe mkononi, kwa wengi wetu ni simu. Mwizi wa mpwa wangu angeiandika nywila sahihi kabisa, kisha mchezo ungemwambia: haya, nipe na zile namba sita. Angezitoa wapi?

Tazameni simu yangu hii. Nimezima data, nimezima waifai, nimeiweka kwenye hali ya ndege. Nafungua programu ya uthibitishaji. Mnaona? Namba sita, na pembeni yake kiduara kinachokwisha taratibu kama mshumaa. Sekunde 30 zikitimia namba zinakufa, zinazaliwa nyingine. Na mtandao hakuna. Nani amezituma?

Hakuna aliyezituma. Siku ulipoielekeza kamera kwenye ule mraba wa madoadoa, yaani msimbo wa QR, mchezo ulikuwa unaikabidhi simu yako siri moja ndefu. Tangu siku hiyo simu ina siri, seva ina siri hiyohiyo, na zote mbili zina saa. Kila sekunde 30 kila upande unachukua siri, unaichanganya na saa, unapiga hesabu, unapata namba sita. Ni kama watu wawili waliofundishwa hesabu moja, mmoja yuko huku na mwingine kule. Ukiwauliza kwa wakati mmoja wanakupa jibu lilelile, na hawajasemezana. Kanuni yenyewe ilichapishwa mwaka 2011, inaitwa RFC 6238, iko wazi anayetaka aisome. Ndiyo maana programu moja inaweza kukutunzia namba za michezo kumi tofauti.

Mambo mawili yanatoka hapo. La kwanza, ule mraba wa QR ndio siri yenyewe. Ukiupiga picha ukamtumia rafiki akusaidie, umemchongea komeo lako. La pili ni saa. Akinijia mtu analalamika kwamba namba zake hazikubaliki, kabla sijamuuliza lolote naiangalia saa ya simu yake. Mara nyingi ameisogeza mbele mwenyewe ili apate zawadi ya kila siku kwenye mchezo mwingine! Mnacheka kwa sababu mnajijua. Irudisheni ijiweke yenyewe, namba zitakubali.

Kampuni zenyewe zimetubembeleza sana. Blizzard walianza mwaka 2008 na kidude kidogo cha kutundika kwenye funguo, ukikibonyeza kinakupa namba. Baadaye wakawa wanamzawadia kila aliyeunganisha kidude hicho mnyama wa kufuga ndani ya World of Warcraft, mbwa mdogo mwenye vichwa viwili. Fortnite mwaka 2018 walitoa dansi ya bure iitwayo Boogiedown kwa kila aliyewasha hatua mbili. Wapo waliokasirika, eti watu wazima tunahongwa dansi. Mimi sikukasirika. Aliyewasha kwa ajili ya dansi na aliyewasha kwa hofu, milango yao wote imekomewa.

Sasa nasikia mtu anauliza kimoyomoyo: mimi natumiwa namba kwa meseji, je, si hivyohivyo? Karibu hivyohivyo. Shida ya meseji ni kwamba inafuata laini yako, na laini inaweza kuhamishwa. Mtu anajifanya wewe, anamlaghai mhudumu wa kampuni ya simu, laini inahamia kwake, na meseji zako zinaingia kwake. Mwezi wa nane mwaka 2019 Jack Dorsey, aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa Twitter, tena mwanzilishi mwenza, namba yake ya simu ilitekwa, watu wakatumia meseji kuandika matusi kwenye akaunti yake, ndani ya Twitter hiyohiyo. Mwenye nyumba akatukanwa sebuleni kwake.

Lakini sikilizeni vizuri, nisije nikaeleweka vibaya. Meseji ni bora kuliko kukaa bila kitu, tena bora sana. Google mwaka huohuo wa 2019 walitoa vipimo vyao: namba ya meseji ilizuia mashambulizi yote ya programu zinazojiendesha zenyewe, ikazuia asilimia 96 ya ulaghai wa kutumwa kwa watu wengi kwa mkupuo, na asilimia 76 ya mashambulizi yaliyomlenga mtu mmoja kwa makusudi. Mwizi wa mpwa wangu alikuwa wa kundi la kwanza. Meseji tu ingetosha kumwacha nje. Kwa hiyo kama mchezo wako una meseji peke yake, washa meseji. Kama una programu, chagua programu.

Niende kwenye lile lililonileta hapa hasa. Maana mpaka sasa mnaweza kudhani mtu akishawasha hatua mbili basi ameokoka.

Kuna kijana ninayecheza naye timu moja. Makini, hatua mbili alishawasha zamani, nywila yake ndefu kama risala. Jioni moja rafiki yake wa miaka mingi akamwandikia ndani ya mchezo: oya, timu yetu iko kwenye mashindano, tupigie kura, zimebaki dakika chache. Akabonyeza. Tovuti nzuri, orodha ya timu, nembo, kila kitu. Ili kupiga kura ingia kwa akaunti yako ya mchezo. Kikaruka kidirisha, juu anwani sahihi, kikufuli kipo. Akaandika jina, nywila, namba sita. Kikazunguka kidogo, kikamwambia: samahani, namba imepitwa na wakati, weka nyingine. Akangoja kiduara kimalizike, akaweka nyingine.

Mmeelewa kilichotokea? Kile kidirisha hakikuwa kidirisha. Kilikuwa mchoro uliochorwa ndani ya ukurasa, anwani imechorwa, kikufuli kimechorwa. Kila alichoandika kilipelekwa papo hapo kwenye mlango wa kweli. Namba ya kwanza ikamwingiza mwizi ndani. Namba ya pili ikambadilishia mipangilio. Hiyo ya pili ndiyo iliyommaliza. Na yule rafiki wa miaka mingi? Akaunti yake ilikuwa imeshaibiwa tangu mchana. Aliyeandika "oya" alikuwa mwizi. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakujua kwamba nguo nayo inaweza kuvaliwa na mtu mwingine.

Hatua mbili haikuvunjwa pale. Komeo lilikuwa imara. Yeye mwenyewe aliinuka akalifungua, kwa adabu zote, tena mara mbili.

Kwa hiyo nasema, na wenye watoto wadogo wawarudishie nyumbani: hizo namba sita usimsomee mtu. Akisema ni huduma kwa wateja, usimsomee. Akisema akaunti yako itafungwa leo, usimsomee. Akisema amekutumia namba kwa bahati mbaya anaomba umrudishie, huyo ndiye mwizi mwenyewe, usimsomee! Wala kura, zawadi au mashindano si mahali pa kuziandika. Unataka kuingia? Funga huo ukurasa, fungua mchezo wenyewe, ingia kwa mlango unaoujua. Kama uko kwenye kompyuta na kidirisha kimekuruka, kishike kwa kipanya ukivute nje ya kivinjari. Kidirisha cha kweli kitatoka. Cha kuchorwa kitagota ukingoni kama ng'ombe aliyefungwa kamba.

Kuna mwizi mwingine asiyehitaji namba hata kidogo. Ukishaingia, kivinjari chako kinapewa kidakuzi, kijikaratasi cha kusema huyu ameshakaguliwa, apite. Mwizi akikipata kijikaratasi hicho, anapita kama wewe. Roblox, ule mchezo unaopendwa na watoto, wameandika onyo kwa Kiingereza ndani ya kidakuzi chao kwamba usimpe mtu, kwani ataingia kama wewe na kukuibia. Na bado watoto wanadanganywa wakinakili na kukibandika kwa mtu aliyewaahidi Robux, yaani fedha ya ndani ya Roblox. Ukiambiwa ufungue sehemu za ndani za kivinjari unakili maandishi usiyoyaelewa, acha. Na hizo programu za kudanganyia kwenye mchezo mnazopakua, nyingi huja kutafuta kijikaratasi hichohicho. Sitaki kujua nani anazitumia.

Ulaghai wa vidirisha una dawa iliyo bora kuliko namba, nayo ni funguo za siri, kwa Kiingereza passkey, zinazokaa ndani ya simu au kompyuta. Ufunguo wa namna hiyo umefungwa kwenye anwani halisi ya tovuti, hivyo tovuti bandia ikiuomba haipati kitu. Hata wewe ukitaka kumpa mwizi huwezi. Sony waliuleta kwenye PlayStation mwaka 2024. Walikuwa na sababu: mwaka 2011 walidukuliwa taarifa za akaunti milioni 77, mtandao ukazimwa zaidi ya wiki tatu, na hatua mbili zenyewe walizileta 2016. Ukikuta mchezo wako unakupa ufunguo wa siri, chukua.

Sasa nizungumzie aibu yangu. Mimi ninayewahubiria nilijifungia nje ya akaunti yangu siku kumi na moja.

Simu ilinianguka, skrini ikawa nyeusi, ikafa moja kwa moja. Sikuhangaika. Nikajisemea, mimi ni mtaalamu, nina misimbo ya akiba. Maana ukiwasha hatua mbili, huduma nyingi hukupa misimbo kadhaa ya kutumia siku simu haipo, kila mmoja mara moja tu. Na kweli ninayo! Niliipiga picha vizuri kabisa. Picha iko wapi? Kwenye simu ileile.

Chekeni tu. Siku kumi na moja naandikiana na huduma kwa wateja: ulifungua lini akaunti, ulinunua nini mara ya kwanza, tuma risiti. Leo misimbo yangu iko kwenye karatasi, kwa kalamu, ndani ya daftari ambalo halina uhusiano wowote na michezo. Wenye Steam, ule msimbo wenu wa akiba unaoanza na herufi R uandikeni leo. Na wenye programu ya uthibitishaji, ukinunua simu mpya hamisha namba kwanza ndipo uuze ya zamani. Nimewaona waliofanya kinyume.

Yale maswali ya huduma kwa wateja yalinifundisha jambo. Mlango wa kumsaidia aliyejifungia nje ni mlango pia, na mwizi anaujua. Mwezi wa kwanza mwaka 2022 akaunti za wachezaji wakubwa wa FIFA, ule mchezo wa video wa soka, zilitekwa, na EA, waliokuwa wakiutengeneza, walieleza kwamba ni chini ya 50, na kwamba wahudumu wao walilaghaiwa wakaipita hatua mbili. Hapo mchezaji alifanya kosa gani? Hakuna. Lakini unaweza kumnyima mwizi majibu ya maswali. Usionyeshe risiti, usionyeshe barua pepe ya akaunti unaporusha mchezo moja kwa moja, na barua pepe ya akaunti isiwe ile unayompa kila mtu. Kisha barua pepe hiyo nayo iwe na hatua mbili, tena kabla ya mchezo. Maana mwenye barua pepe yako ataomba nywila mpya ya kila kitu, na atapewa.

Wazazi, neno moja. Wengi wenu namba za mtoto zinaingia kwenye simu zenu. Mko jikoni au mko kazini, mtoto anaita: mama, nisomee namba! Nanyi mnasoma. Sisemi msisome. Ulizeni kwanza: unaingia wapi, na nani amekuambia uingie? Akijibu ni rafiki yake mtandaoni anataka kumpa zawadi, nenda ukatazame hiyo skrini pamoja naye.

Nilipanga kuzungumza dakika ishirini, naona nimepitiliza. Basi toeni simu, tuwashe hapahapa. Tunaanza na barua pepe: ingia kwenye mipangilio, tafuta usalama, chini yake utaona uthibitishaji wa hatua mbili. Kalamu na karatasi ziko mezani kwa ajili ya misimbo ya akiba. Mpwa wangu yuko pale nyuma mwenye shati jeupe, aliyekwama amwite, siku hizi anaijua kazi hii kuliko mimi. Ila mkimwita, skrini aione, namba asizione.